Filamu huru kuhusu wanaume wapendanao na VVU: mwongozo kamili wa kupigia Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kamera ndogo au simu nzuri, wenzake wanne au watano, fedha za kuhesabu, na nia ya kutengeneza filamu ya dakika 20 hivi kuhusu mwanamume anayependa wanaume na anayeishi na VVU katika mji kama Tanga. Dakika 20 zinatosha hadithi moja na zinapigika kwa siku saba au nane. Filamu ndefu kuliko hiyo itakudai watu wengi zaidi, na kila mtu anayeongezeka katika kazi ya namna hii ni mdomo mmoja zaidi. Neno moja litajirudia humu, nalo ni sitara. Sisi watu wa pwani tunamshukuru Mungu kwa kutusitiri, tunamsitiri jirani asiye na kitu bila kumtangaza, na nyumba zetu zenyewe zimepangwa kwa sitara, baraza ya wageni mbele na ua wa wenyewe nyuma. Filamu hii inapigwa kwa kanuni hiyo hiyo: mtu asitiriwe, maisha yake yaonekane.

Hatua ya kwanza: sheria kabla ya muswada wa filamu

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara kinaadhibu kile kinachokiita kuingiliana kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha, au kwa vyovyote kifungo kisichopungua miaka 30. Kinachoadhibiwa hapo ni tendo, lakini mtu anayeketi mbele ya kamera yako na kusimulia aliyoyatenda anaweza kuwa anajitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe, na kielelezo kitakuwa ni kazi yako wewe. Vivyo hivyo sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda usiri wa majibu ya vipimo, na papo hapo inamtia hatiani anayemwambukiza mwenzake kwa makusudi, kwa hiyo masimulizi ya nani alimweleza nani hali yake, na lini, yasirekodiwe kwa uzembe. Juu ya hayo iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Kwa upande wa filamu yenyewe, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga, muswada hupelekwa Bodi ya Filamu, na filamu iliyokamilika hurudi huko kuhakikiwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Mkoani, mlango wa kuanzia ni wa afisa utamaduni. Usipeleke muswada wa harusi ukapiga kitu kingine, na usidharau kibali kwa kudhani kwamba hatari iko kwenye mada peke yake. Mwaka 2014 filamu moja ya Kenya iliyotokana na masimulizi ya wapenzi wa jinsia moja ilionyeshwa Toronto mwezi Septemba, ikapigwa marufuku nyumbani, na mtayarishaji wake akakamatwa mwezi uliofuata kwa kosa la kupiga filamu bila leseni.

Kwa hiyo zungumza na wakili kabla ya kutumia shilingi ya kwanza, kisha uchague njia. Unaweza kuomba kibali kwa muswada mkweli ambao kiini chake ni tiba, unyanyapaa na familia, ukijua kwamba unaweza kukataliwa. Unaweza kutengeneza filamu ya michoro na sauti, ambayo nayo inahitaji kibali lakini haina uso wa mtu wala mlango wa nyumba yake. Au unaweza kuandika hapa na kupigia mahali ambapo sheria inaruhusu, kwa mfano Afrika Kusini, ambako katiba ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kijinsia. Ukikataliwa kibali, usipige kwa kujificha, muswada hauozi.

Hatua ya pili: wasimulizi na idhini yao

Ninashauri filamu ya kuigiza iliyojengwa kwa masimulizi ya kweli, badala ya filamu ya hali halisi yenye watu wenyewe. Watu watatu au wanne wanaosimulia kwa kina wanatosha. Usiwatafute kwa kuzungukazunguka kwenye vilabu vya usiku, na usisimame kamwe karibu na mlango wa kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo kila mtu anaiita CTC, kwa sababu anayekuona pale na daftari atajua unamngoja nani. Pitia kwa mwelimishaji rika anayeaminika, mwachie ujumbe, kisha ungoje msimulizi mwenyewe akutafute na achague mahali pa kukutana. Mara ya kwanza nenda na daftari tu, simu ibaki nyumbani, na badala ya majina andika herufi ambazo si za mwanzo wa jina la mtu yeyote.

Idhini iliyotiwa saini kwa jina kamili humlinda mtayarishaji na kumhatarisha msimulizi. Mimi huisoma kwa sauti, naye hujibu kwa sauti akitumia jina la bandia, na faili hilo hukaa mbali na vitu vingine vyote vya filamu. Idhini iombwe mara tatu: kabla ya mazungumzo, baada ya kusoma muswada uliotokana nayo, na baada ya kuona filamu ikiwa bado inahaririwa. Mpe tarehe ya mwisho ya kujitoa, na akijitoa kabla yake usiulize sababu. Lipa nauli na muda wake, usinunue simulizi, kwa kuwa aliyelipwa kwa simulizi hujikuta anaongeza chumvi ili thamani ya fedha ionekane. Uwe pia umeshapanga na mshauri nasaha ambaye msimulizi anaweza kumpigia usiku huo huo, maana kuna mambo ambayo mtu huyasimulia vizuri mchana kisha yakamnyima usingizi.

Hatua ya tatu: hadithi ikae katika mwaka wake

Hapa ndipo filamu nyingi zenye VVU ndani yake zinapoharibika, na zinaharibika kwa uvivu. Mwandishi anachukua mgonjwa wa miaka ya tisini, amekonda, anakohoa, amelala kwenye mkeka, kisha anampa simu ya kisasa mkononi. Amua mwaka wa hadithi yako kabla ya jina la shujaa wako, kwa sababu mwaka ndio utakaokuambia mwili wake ukoje.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo ulianza 2004. Basi shujaa wa mwaka 2002 hana dawa, isipokuwa awe na fedha nyingi au ndugu ughaibuni. Shujaa wa mwaka 2007 huenda anameza mchanganyiko wenye stavudine, dawa iliyowaokoa wengi na kuwaachia baadhi yao mashavu yaliyobonyea na nyayo zinazowaka moto usiku, kiasi kwamba majirani waliisoma hali ya mtu usoni ilhali damu yake ilikuwa inaendelea vizuri. Baadaye kikaja kidonge kimoja chenye efavirenz, kinachomezwa wakati wa kulala kwa sababu huleta kizunguzungu na ndoto kali zinazofanana na kweli. Mwongozaji anayepewa ndoto na dawa yenyewe asizikatae. Ni mahali pekee ambapo filamu ya kawaida kabisa inaweza kuruka ukuta bila kuonekana inajionyesha. Kuanzia 2019 dawa ya kawaida ni TLD, yaani tenofovir, lamivudine na dolutegravir katika kidonge kimoja kwa siku, na mtu wa kidonge hicho anaweza kuwa mbeba mizigo bandarini mwenye mabega mapana kuliko ya mpiga picha wako. Zamani mgonjwa aliambiwa angoje kinga ishuke ndipo aanze dawa. Tangu mwishoni mwa 2016 utaratibu ni kupima na kuanza bila kungoja.

Kuna miaka mingine miwili ambayo wanaume wapendao wanaume wanaikumbuka kwa namna yao. Februari 2017 serikali ilizuia vituo 40 kutoa huduma za VVU kwa makundi yaliyo katika hatari zaidi, wao wakiwemo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi zilizolipiwa na PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003, zikatikisika. Hadithi yako ikipita katika mojawapo ya miaka hiyo, huna haja ya mhusika wa kuisoma habari redioni. Piga ofisi yenye kufuli, na mwelimishaji rika aliyekuwa akija kila Alhamisi ambaye Alhamisi hii hakuja.

Jambo la kitabibu ambalo sharti liwe sahihi ni hili: anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia wapenzi wa kiume jozi 782, mmoja akiwa na VVU na mwenziwe hana, na haukukuta hata ambukizo moja lililotoka kwa mpenzi aliyefubaza virusi. Filamu inayomfanya mpenzi huyo kuwa sumu inayotembea imepitwa na wakati, na inawarudisha watu nyuma. Kwa sababu hiyo pia, swali la kuendeshea hadithi yako lisiwe kama atakufa. Kwa watu niliowasikiliza, swali la kila siku lilikuwa dogo na gumu zaidi: kopo likae wapi?

Kopo la vidonge hulia. Ukilibeba mfukoni linatangaza kabla hujafika, na wengi huliwekea pamba ndani ili linyamaze, hubandua karatasi ya jina, au huhamishia vidonge kwenye kopo la vitamini. Chumba cha kupanga cha Ngamiani kina kitanda, kabati, ndoo na watu sita wanaoingia bila kubisha hodi. Mwandishi anayejua hayo anaweza kuandika onyesho la namna hii: kijana anarudi kazini, anatazama dirishani alikoficha kopo nyuma ya kioo cha kunyolea, halipo. Mama yake anachambua mchele uani, hainui macho.

"Hicho kikopo chako nimekitoa juani. Kiko kwenye kabati, juu."

"Ahsante, mama."

"Chai ipo kwenye chupa."

Onyesho liishie hapo. Mama anajua nini, na anajua kiasi gani, mtazamaji wa pwani ataelewa mwenyewe, kwa sababu ameishi katika nyumba ambamo mambo makubwa husemwa kwa kuhamisha vitu.

Maonyesho ya kliniki yasipigwe kliniki. Kodi chumba, weka mizani, benchi, meza yenye kadi na kalenda, kisha uzingatie yanayotendeka kweli: uzito hupimwa, vidonge vilivyobaki huhesabiwa, tarehe ya kurudi huandikwa. Muuguzi akiuliza, "Kaka, kopo la zamani umekuja nalo?" umeshajenga hospitali nzima.

Hatua ya nne: maneno yatakayotoka vinywani

Tenganisha VVU na UKIMWI katika kila mstari, kwani aliye kwenye tiba na mwenye nguvu zake ni mtu anayeishi na VVU, na katika lugha ya kliniki na ya vikundi vyao utasikia WAVIU. Mtaani watasema "ana ngoma" au "kakanyaga miwaya", na muswada uyaache maneno hayo yalivyo pale yanaposemwa na mtu wa kuyasema, yaani jirani, dereva wa bodaboda, mjomba aliyekasirika. Neno shoga lina kazi yake ya pekee hapa kwetu. Wanawake wa Tanga huitana "shoga yangu" kwa mapenzi tangu asubuhi sokoni, na neno hilo hilo likirushiwa mwanamume ni jiwe. Onyesho ambalo dada zake wanaitana hivyo uani huku yeye akiwa chumbani anasikia lina nguvu kuliko hotuba yoyote. Wanaume hao wenyewe huitana kwa majina ya kupanga na "mwenzangu". Kwa mengine, fuata wasimulizi wako, wala usiwachapishie msamiati wao wa siri ambao hawajakuruhusu.

Hatua ya tano: waigizaji na kikundi

Mwigizaji asome muswada wote na apewe wiki nzima ya kufikiri, kwa kuwa kwetu mtazamaji humwita mwigizaji kwa dhambi za mhusika wake hadi dukani. Anayesita, mwache aende kwa amani. Waliofunzwa jukwaani Bagamoyo, ambako sanaa za maonyesho zinafundishwa chuoni tangu 1981, ni hodari, ila itabidi uwashushe sauti na mikono: jukwaa linataka kufika safu ya nyuma, kamera iko nusu mita. Usiandike onyesho la kitandani. Sheria hailiruhusu, na hata lingeruhusiwa, mikono miwili inayokunja shuka moja asubuhi inasema yote.

Kikundi kiwe cha mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti, msaidizi wa vitu na mavazi, na mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni usalama: anajua nani yuko seti, nani anapita, lini pa kufunga kazi na kuondoka. Mwongozaji asijipe kazi hiyo, kwa sababu mwongozaji daima anataka kupiga mara moja zaidi.

Hatua ya sita: kupiga

Panga siku zako kwa upepo na maji. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, itakuharibia ratiba. Kusi inavuma kwa nguvu katikati ya mwaka, na ufukweni Raskazone upepo utajaza maiki yako mngurumo hata ukiivalisha manyoya. Nilipata utulivu zaidi kati ya Septemba na Oktoba, kabla vuli haijashika. Kama kuna onyesho la ufukweni, angalia kalenda ya mwezi: wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kwa mita tatu hivi, na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo mazungumzo yaliyoanza jana kando ya ngalawa inayoelea yatamalizika leo kando ya ngalawa iliyolala matopeni. Piga onyesho hilo lote siku moja.

Mwanga wa kufaa ni wa saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi, na wa saa 10 hadi saa 12 jioni. Mchana ingia ndani. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mrefu wenye giza na mlango wa ua unaowaka kwa jua, na mtu akisimama kati ya viwili hivyo unapata umbo lake bila uso wake. Hiyo ndiyo sitara kwa lugha ya kamera. Kwa taa za ndani tumia fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50, la sivyo taa zitacheza kwenye picha. Zima feni, na uwape watu maji kwa sababu umezima feni.

Adhana haingojei filamu. Andika nyakati za swala kwenye ratiba, simamisha kazi kwa heshima, na urekodi adhana yenyewe mara moja, nzima, kwa mbali, ili mhariri awe na sauti ya mji. Kila chumba ukimaliza kukitumia, rekodi dakika moja ya ukimya wake. Usitoke chumba chenye kiyoyozi na kuinua kamera papo hapo. Lenzi itafunga ukungu, na kwa unyevu wa Tanga unaweza kubaki ndani ukawa kuvu.

Hatua ya saba: kuhifadhi na kuhariri

Zima huduma ya mahali kwenye simu, kwa kuwa faili la video huweza kubeba ramani ya nyumba ulimopigia. Nakala ziwe mbili, zote kwenye diski zilizofungwa kwa nywila, katika nyumba mbili. Usiweke mtandaoni chochote ambacho hakijafungwa namna hiyo. Majina ya faili yawe ya namba.

Kufifisha uso wakati wa kuhariri ni kinga dhaifu, maana uso mzima umebaki kwenye faili la asili, na sauti iliyopandishwa au kushushwa inaweza kurudishwa. Ni salama zaidi kutoupiga uso kabisa, na maneno yasemwe upya na mwigizaji. Tena uso si kitu pekee kinachomtambulisha mtu. Katika kazi yangu ya awali nilimpiga msimulizi mmoja kwa nyuma, gizani, sauti nimeshaibadilisha, nikajisifu. Nilipowaonyesha watu watano, tukiwa bado tunahariri, mmoja akasema, "Lakini hiyo baiskeli mimi naijua." Ilikuwa imeegemea ukuta kwa sekunde mbili, ina madigadi moja ya kijani na kengele iliyofungwa kwa raba. Mji huu una baiskeli zisizohesabika na kila mtu anaijua ya jirani yake. Tuliliondoa onyesho lote, na tangu hapo mtu wa usalama hukagua kila fremu akitafuta baiskeli, kanga zenye jina linalojulikana, milango, makovu, viatu na namba za nyumba.

Muziki wa taarabu usiupachike bila ruhusa ya wenye haki, hata kama nyimbo hizo zinapigwa kila harusi. Mpigaji wa udi mmoja anayekupigia kitu kipya, kwa mkataba, atakugharimu kidogo na hatakuletea kesi.

Hatua ya nane: kuonyesha

Watazamaji wa kwanza ni wasimulizi, mmoja mmoja, wakiwa na kitufe cha kusimamisha mkononi mwao. Baada yao, kibali cha kuonyesha hadharani nchini ndicho kitakachoamua, na kupakia mtandaoni ukiwa hapa kunaangukia Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. Matamasha ya nje ndiyo njia ya kawaida: lile la Durban limekuwepo tangu 1979, na tuzo ya Teddy ya Berlin hutolewa tangu 1987 kwa filamu kuhusu wapenzi wa jinsia moja na wenzao. Soma masharti ya onyesho la kwanza kabla ya kutuma popote, kwani filamu iliyokwisha kupakiwa hukataliwa na wengi. Tafsiri ya maandishi ifanywe na Mswahili anayejua Kiingereza, asije mtu akaigeuza "shoga yangu" kuwa tusi. Orodha ya majina ya mwisho iwe na wale tu walioomba kuwemo, kwa tahajia waliyoichagua.

Kabla ya kutuma, kubaliana na wasimulizi tarehe ya kufuta mahojiano ya asili na sauti za idhini. Siku hiyo ikifika, zifute kwenye diski zote mbili, memori kadi zijazwe video ya ukuta mweupe hadi mwisho, na daftari lile la herufi lichomwe.